Kibuyu Nilichokiosha Vizuri Mno

Kosa langu la kwanza katika kemia lilikuwa kumfukuza tate jikoni. Tate ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Goma, na huyu ni mama yake mama, mwanamke wa milima ya Masisi ambaye akishakaa hapendi kuinuliwa.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kujifunza. Kitabu nilikinunua sokoni, cha Kifaransa, bila jalada na bila kurasa za mwanzo. Shuleni nilisoma seksioni ya biashara, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na nyumbani, kwa hiyo hakukuwa na mwalimu wa kunirekebisha. Nikasoma kwamba maji ni haidrojeni na oksijeni. Mbele kidogo nikasoma kwamba haidrojeni hulipuka. Mambo hayo mawili yakaoana kichwani mwangu bila kuniuliza: nikaamini kwamba maji yakichemka molekuli zake huvunjika, na ule mvuke ni haidrojeni inayopanda ikitafuta moto.

Tate alikuwa ameketi kando ya mbabula, jiko letu la makaa, sufuria ya maharage ikitokota mbele ya magoti yake.

"Tate, toka hapo. Iko hatari."

"Hatari ya nini? Ya maharage?"

"Ya ule mvuke. Unaweza kupasuka."

Akautazama mvuke, kisha akanitazama mimi. "Bwana yangu," akasema, maana hivyo ndivyo anavyoniita, kwa ule utani ambao bibi ameruhusiwa kumtania mjukuu wake wa kiume, "nimepika tangu sijaota maziwa, na leo ndiyo maharage inataka kuniua?"

Lakini alitoka, kwa kunihurumia. Nikafunua sufuria kwa fimbo, nimesimama mbali kama mtu anayechokoza nyoka, na kifuniko kilipoinama matone yakanidondokea mguuni. Yalikuwa maji. Maji yale yale. Kama molekuli zilikuwa zimevunjika, nani alikuwa amezirudisha pamoja huko juu kwenye kifuniko?

Sikula siku hiyo. Mimi ni mtu wa namna hiyo, ni afadhali niseme mapema: nikikosea jambo dogo, tumbo hufunga. Nafuta sahani iliyokwisha kufutwa. Narudi kuangalia kufuli nililolifunga mwenyewe, na nikishaliangalia najiuliza kama sikulifungua katika kuliangalia. Tate anasema nilizaliwa nikiomba msamaha. Tangu siku ile ya maharage, kila alipotenga sufuria alipaza sauti uani: "Mwiteni fundi wa mvuke, nataka kuchemsha maji, nisije nikaunguza mtaa wote wa Majengo!" Na majirani wakacheka, na mimi nikacheka, lakini niliendelea kusoma mpaka nikajua nilikosea wapi.

Nilikosea kwa kufikiri kwamba kuachana ni kuvunjika. Ndani ya molekuli moja ya maji, atomi zimefungana kwa nguvu kubwa, na moto wa mbabula hauzigusi. Lakini kati ya molekuli na jirani yake kuna nguvu nyingine, ndogo zaidi, kama watu walioshikana mikono. Maji yakichemka, ni mikono inayoachiana. Kila molekuli inaondoka nzima, na ikifika kwenye kifuniko chenye baridi inawakuta wenzake, wanashikana tena, wanakuwa tone, linaniangukia mguuni.

Sehemu iliyobaki niliielewa kazini. Ninatengeneza simu kwenye meza ndogo hapo Majengo, kazi ambayo nayo nilijifundisha. Simu nyingi ninazoletewa zimekunywa maji: moja ilianguka kwenye bidoni, dumu la maji, nyingine ziwani, nyingine ililowa mvua mfukoni mwa mtu wa pikipiki. Nazifungua, nazisugua ndani kwa mswaki laini na alkoli. Tone la alkoli juu ya kioo hukauka ukiwa unalitazama. Tone la maji hukaa, linakusubiri. Zamani ningesema alkoli ni kali na maji ni mapole. Kumbe katika kushikana, maji ndiyo makali.

Sababu ni umbo lake. Oksijeni huvutia elektroni kwake, kama mtoto anayevuta blanketi upande wake wa kitanda, na haidrojeni mbili zinabaki na baridi. Basi molekuli nzima inakuwa na upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo. Kitabu kinaiita molekuli ya polari. Upande chanya wa mmoja unashika upande hasi wa mwingine, na huyo anashika mwingine, na hivyo tone zima linajikumbatia mpaka linakuwa duara.

Mafuta hayako hivyo. Kwao blanketi limetandikwa karibu sawasawa, hakuna upande unaoonea mwingine. Nayo hushikana, lakini kwa mishiko ya kupita, pale elektroni zinapoyumba kidogo huku au kule. Mshiko mmoja wa namna hiyo si kitu. Ila molekuli ya mafuta ni ndefu, na mishiko midogo mingi juu ya mwili mrefu inatosha kuifanya siagi isimame imara asubuhi ya baridi na kulegea ukiiweka kiganjani.

Niliwahi kuandika kwa chaki, kwenye ubao wa meza yangu, kwamba maji huchukia mafuta. Nikaja kuyafuta maandishi hayo, kwa sababu si kweli. Maji hayana chuki yoyote na mafuta. Yanapendana tu yenyewe kwa yenyewe kiasi kwamba hayawezi kuachiana mikono ili mafuta yapite katikati. Na alkoli ni yule jirani anayejua lugha mbili: ana mkono wa kushika maji, na ana mwili unaoelewana na mafuta. Ndiyo maana niliipenda sana. Ilikuwa inaingia kila mahali na kutoa kila kitu.

Nimeeleza yote haya ili ieleweke kwamba siku nilipoosha kibuyu cha tate sikuwa tena yule mtu wa maharage. Nilikuwa najua ninachofanya.

Kibuyu hicho ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwao. Ni kibuyu cha kutikisia maziwa ili yatoe siagi, kikubwa kama mtoto wa kubebwa, shingo yake imezungushiwa ngozi iliyoshonwa kwa mkono. Kilikuwa cha mama yake. Tangu walipohama hakuna aliyekitikisa, kwa sababu hakukuwa na ng'ombe, lakini kila nyumba tuliyopanga kilipewa pembe yake, kimefungwa ndani ya kipande cha kitenge kilichofifia hata maua yake hayaonekani. Ukikifungua kizibo, ilitoka harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: moshi wa majani ya mlimani, maziwa, ngozi, na kitu kizito nyuma yake, kitamu na kichungu kwa pamoja. Mara nyingine nilimkuta tate amekiweka mapajani, amekifungua, hanusi wala hasemi, amekaa nacho tu.

Dada yangu anaishi Keshero na mume wake. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, tate alitangaza kwamba siku mtoto huyo atakapoletwa kwetu atapakwa mafuta ya ng'ombe, na mafuta hayo yatatoka kwenye kibuyu kile, yakiwa na harufu ya kwao. Yeye alipakwa na mama yake. Naye akampaka mama. Mimi na dada hatukupakwa. Tulizaliwa wakati ambao hakukuwa na maziwa wala utulivu, na jambo hilo tate hajawahi kulisamehe, ingawa hajui amsamehe nani.

"Mafuta ya dukani pia ni mazuri," dada alijaribu kumwambia kwenye simu. "Iko na harufu ya maua."

"Mtoto wangu, maua ni ya nani?" tate akamjibu. "Mutoto anajua watu wake kwa pua kabla ya macho. Mimi nikikufa kesho, huyu atanijua kwa nini? Kwa picha ya telefone?"

Basi ikapangwa Jumapili. Mtu wa Munigi anayefuga ng'ombe akatuletea maziwa mapema, yakaachwa kwenye ndoo yagande taratibu. Mama akakopa viti. Na Ijumaa mchana, tate alipokwenda kusali na wamama wenzake, nilibaki peke yangu uani na kibuyu.

Nilimulika ndani kwa tochi ya simu. Kuta zake zilikuwa nyeusi, zinang'aa, zina nyufa, na ndani ya nyufa kulikuwa na utando wa kahawia ulioganda. Nilikuwa nimemwona mtoto mara moja tu, hospitalini. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba niliogopa kumtazama kwa nguvu. Sasa nikafikiria utando ule, umri wake, vijidudu vyake, na Jumapili. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba vibuyu vya siagi havioshwi kwa sabuni, vinasuuzwa na kufukizwa moshi tu, lakini habari hiyo nilikuwa nimeiweka pamoja na zile za kutofagia baada ya jua kuzama.

Nikaleta alkoli yangu ya kazini. Nikamimina, nikaziba, nikatikisa. Ilitoka na rangi ya chai ya rangi. Nikaimwaga juu ya mawe ya lava yanayozunguka ua, nikamimina nyingine, ikatoka hafifu zaidi. Kisha maji ya moto na sabuni, kipande kizima cha sabuni ya mama, nikikikata kwa kisu na kuvitumbukiza vipande mpaka vikaisha. Alkoli ilikuwa inayatoa mafuta katika nyufa, sabuni inayakamata, maji yanayabeba. Kila kitu kilifanya kama kilivyoandikwa kitabuni. Nikasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Nikaweka pua kwenye shingo ya kibuyu na sikusikia harufu yoyote. Nikajisikia vizuri kama mtu aliyetoka kuoga. Kizibo nacho nilikisugua. Kile kitenge nilikitupa kwenye rundo la nguo za kufuliwa.

Sikukosea hata hatua moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tate alirudi, akavua viatu, akaketi. Akaona kibuyu kinakauka juu ya jiwe.

"Nani amekitoa?"

"Mimi, tate. Nimekutayarishia."

Akakivuta mapajani, akaingiza pua. Akakaa hivyo. Akakigeuza, akanusa kizibo, akarudi tena kwenye shingo, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo anajua kuna watu.

"Umekifanya nini?"

"Nimekiosha. Kwa ajili ya mutoto. Ndani kulikuwa na uchafu mwingi sana, tate, ungeona..."

"Ule si uchafu," akasema. Hakupandisha sauti. "Ule ni mama yangu."

Kisha aliomba chai, akaisifu kwamba ina tangawizi ya kutosha. Lakini jioni yote ile aliniita kwa jina langu la ubatizo, lote, kama karani anayesoma orodha. Mama alizunguka uani akitafuta sabuni.

"Sabuni yangu ilienda wapi?"

"Niliimaliza," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

"Ulikuwa unaosha gari?"

Kesho yake nilikwenda kwenye meza yangu kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani na kibuyu kile. Mteja alikuwa ameniachia simu ya kubadilishwa kioo. Kioo cha zamani kilikuwa na alama za vidole, na mkono wangu ulipogusa chupa ya maji, matone yakarukia juu yake. Niliyatazama bila nia. Yalikaa juu ya alama za vidole, ya duara, yameshikana, wala hayakuchanganyika nazo. Nikakitikisa kioo. Matone yakateleza, yakaanguka, na alama za vidole zikabaki pale pale, kila mstari.

Nilikuwa nimeliona jambo hilo kila siku. Siku hiyo nilijiuliza kwa mara ya kwanza swali ambalo lingenifaa Ijumaa: mafuta yale ya kibuyu yaligusa nini kingine? Hayakuwa ndani tu. Kibuyu kikavu hupumua. Kuta zake hunywa siagi na kuitoa jasho kidogo kidogo nje. Na nje kulikuwa na kitenge, miaka yote ile, kimekikumbatia. Niliona kwa akili doa lake, kubwa, jeusi, pale kilipokaliwa na kitako cha kibuyu.

Nikampigia mama. Hakupokea. Jumamosi ni siku yake ya kufua.

Niliiacha meza bila kuifunika, mimi ninayerudi kuangalia kufuli. Nilipofika uani mama alikuwa ameinama juu ya beseni, mkono mmoja ndani ya maji, mwingine umeshika kipande kipya cha sabuni.

"Mama, acha!"

Aliruka. "Eh! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Kitenge cha kibuyu. Umekifua?"

"Niko nakianza. Iko humu tangu jana jioni, niliilowesha usiku mzima kwa maji mutupu, si ulimaliza sabuni? Nimetoka kununua sasa hivi." Akaniangalia juu mpaka chini. "Mutoto huyu. Jana anamaliza sabuni yangu, leo ananikataza kufua. Unataka tuvae nini Jumapili, karatasi?"

"Sabuni imegusa maji?"

"Bado."

"Mama, weka sabuni chini. Polepole."

"Iko bunduki?" akasema mama, lakini aliiweka.

Nilikitoa kitenge. Kilikuwa kizito na baridi, na nilipokinusa kilinuka maji ya beseni, basi. Hapo nusura nilie. Lakini nilipokitazama doa lilikuwapo, na juu ya doa maji yalikuwa yamekaa matone matone, hayakuingia. Maji ya usiku mzima yalikuwa yamezunguka mafuta yale, yameshikana mikono yenyewe kwa yenyewe, na hayakuchukua kitu. Na kama mafuta yalikuwapo, basi na harufu ilikuwapo, kwa sababu molekuli za harufu ile nyingi ni za jamii ya mafuta, na ndani ya mafuta ndiko zinakokaa kwa raha. Hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimepoa. Katika baridi zilikuwa zinashikwa, haziruki.

Nikakikamua, nikakikunja doa likiwa juu, nikakishika kwa viganja viwili karibu na mbabula. Mama alisimama nyuma yangu na mikono kiunoni. Nguo ilianza kutoa mvuke, na mvuke huo sikuuogopa. Kisha, baada yake, ikaja: moshi, maziwa, ngozi, na kile kitu kizito cha nyuma. Kidogo sana.

"Yesu," akasema mama, taratibu. Aliinama akaleta uso wake karibu. Sikujua kwamba naye alikuwa na kumbukumbu ya harufu ile. Sikuwahi kumuuliza.

Tate aliitwa. Alikuja na uso wake wa jana, akasogezewa nguo puani, akafumba macho. Halafu akanipiga kofi dogo kisogoni. Nadhani ndilo kofi nililolipenda kuliko yote maishani mwangu.

"Sasa inatoka namna gani humo?" akauliza. "Nitampaka mutoto kitenge?"

"Tutatumia siagi, tate. Maji hayawezi kuitoa, lakini mafuta yatakubali. Yanafanana. Nipe siagi mpya, ya moto kidogo, na hiyo harufu itahamia kwenye siagi."

"Kama nani anahama?"

Nikafikiri. "Kama mtu anayehamia kwa ndugu zake."

"Mm," akasema tate. "Hiyo najua."

Mchana ule akatikisa maziwa. Aliketi juu ya mkeka, kibuyu mapajani, akakisukuma mbele na nyuma kama anabembeleza, na mimi nilikaa mbele yake nikiwa na wasiwasi juu ya kila kitu: kizibo, mkao wake, mgongo wake. "Acha kunitazama hivyo, siagi inaona haya," akasema. Sauti ndani ya kibuyu ilibadilika, kutoka maji yanayopiga kelele hadi kitu kinachogonga kwa upole. Siagi ilikuwa imejikusanya. Akaitoa kwa mkono, akaiosha kwa maji baridi mara kadhaa, na maji yakatoka yakiwa na ule uchachu wa maziwa, kwa sababu uchachu ni wa jamii ya maji na unajua kumfuata ndugu yake.

Siagi ilikuwa njano, safi, na haikunuka kitu zaidi ya maziwa. Niliitia kiasi katika kikombe, nikakiweka kikombe ndani ya sufuria ya maji ya vuguvugu. Kwanza kitenge kilibidi kikauke kabisa. Nilikigeuza juu ya mbabula mpaka mama akaniuliza kama nakichoma mishikaki. Niliogopa rangi ingetoka. Haikutoka, ilikuwa imekwisha kutoka zamani. Nikakata kile kipande chenye doa, kwa idhini ya tate niliyoiomba mara tatu, nikakitumbukiza katika siagi iliyoyeyuka, nikafunika. Baadaye nikakikamua juu ya kikombe kingine. Siagi ilikuwa imekuwa na rangi ya udongo hafifu. Nikapaka kidogo ndani ya mkono wangu na kukaa nayo mpaka asubuhi, nikiangalia kama ngozi itawasha. Haikuwasha. Nilimwambia tate ampake mtoto nyayo tu na paji la uso, kwa kuwa mafuta ya kitenge ni ya zamani, na yeye akaniuliza kwani nilifikiri atamkaanga?

Jumapili wakaja. Dada aliingia na mtoto amefunikwa nguo nyeupe ya kufumwa, shemeji nyuma yake na mfuko wa soda. Tate aliketi kwenye kiti cha kukopa, amevaa kitenge chake cha misa. Wakamwekea mtoto mapajani, pale pale kinapokaa kibuyu. Nikaleta kikombe. Siagi ilikuwa imeganda kwa baridi ya asubuhi, na tate alichota kwa kidole, akaisugua katikati ya viganja mpaka ikalegea, na hapo harufu ikapanda na kujaza chumba.

"Inanuka zizi," akasema dada, lakini alikuwa amekaribia, na hakurudi nyuma.

Tate akampaka nyayo, moja, kisha nyingine, polepole. Akampaka paji la uso. Mtoto akakunja pua, akapiga chafya, akatulia. Wote tukacheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika fremu, nikingoja hukumu.

Tate alileta viganja vyake usoni, akanusa kwa muda mrefu. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Si yeye mwenyewe," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Ni wa jamaa yake, lakini. Binamu hivi. Kuja hapa, bwana yangu."

Nikaja, nikapiga magoti mbele ya kiti. Akafuta mafuta yaliyobaki mikononi mwake kwenye paji la uso wangu, kisha akamwita dada naye ainame. "Ninyi hamkupakwa," akasema. "Mulizaliwa ovyo tu." Dada alianza kucheka, akaishia kulia, na shemeji akatoka nje kufungua soda ambazo hakuna aliyeziomba.

Tangu siku hiyo mtu wa Munigi hutuletea maziwa kila anapoweza, na tate hutikisa. Kibuyu kinafukizwa majani makavu, kinasuuzwa kwa maji matupu, hakuna anayekigusa kwa sabuni. Kuta zake zimeanza kuwa na rangi tena. Harufu iliyomo sasa si ile ya zamani. Ina moshi wa makaa yetu, na mtoto wa dada akiletwa huingiza mkono wake wote ndani na kuunyonya, na mimi hutoka kidogo kwenda uani ili nisiseme kitu.

Bado narudi kuangalia kufuli. Bado nikikosea tumbo hufunga. Lakini chupa ya alkoli siku hizi haivuki mlango wa nyumba yetu, inabaki kwenye meza ya simu. Na kabla sijaosha kitu cha mtu, namuuliza kwanza kina nini ndani.